Fuvu Mlangoni

Idwal hakutamka neno tangu Machi.
Kiharusi kilimnyang'anya ulimi, kikamwachia macho.
Mimi nalipwa kwa saa: kumlisha uji wa shayiri,
kumgeuza ubavu, kumkata kucha,
kuandika daftarini: amekunywa nusu kikombe. Amelala saa mbili.

Siku ya nne baada ya Krismasi
ukungu ulishuka bonde la Maesteg
mpaka taa ya barabarani ikawa doa la samli.
Nikasikia kwato. Si kwato, ni fimbo juu ya lami.
Kisha meno.
Ta! Ta! Ta!
Mfupa juu ya mfupa, dirishani pa jiko,
pale ninapoanika glavu zangu.

Nikavuta pazia.
Fuvu la farasi,
limefunikwa shuka jeupe kama la maiti,
utepe mwekundu unaning'inia pasipo sikio,
macho ni vitako vya chupa za bia,
na taya linafunguka, linafumba,
kwa uzi ulioshikwa na mkono nisiouona.

Kwetu Muheza tulifundishwa mapema:
ukiitwa usiku na usiyemwona, usiitike.
Si abee, si naam. Meza mate, jifunike, acha lipite.
Ndivyo vinyamkera walivyotukosa sote, ila mmoja.

Nikampigia Nerys, bintiye, aliyeko Bristol.
Akacheka hadi akakohoa.
"Ni Mari Lwyd huyo. Usinyamaze! Mjibu,
kwa mashairi. Ukishindwa anaingia,
anakula keki, anamaliza bia.
Baba alimjibu miaka thelathini na sita."
Simu ikakatika.

Nje walikuwa wakiimba Kiwelisi.
Sikuelewa hata neno,
ila sikio likanasa kina:
mwisho wa mstari wa pili ukagonga mwisho wa nne.
Ah. Hilo nalijua. Shangazi yangu Mwanatenga
alikuwa akiwavua watu nguo kwa hilo, arusini.
Nikaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo:

*Farasi usiye nyama,
u mgeni wake nani?
Umekuja na kiyama,
au ni njaa tumboni?
Na tumbo ulilihama,
bia uinywe kwa nini?
Mifupa mahali pake
udongo, si mlangoni.*

Meno yakanyamaza.
Mtu akapiga mluzi wa mshangao gizani.
Kisha wakajibu, kwa kasi, kwa kicheko,
nami nikawajibu, wakajibu tena,
na katika ubeti wa tatu, kwenye kituo, kina kikanikimbia.
Nilibaki nimeachama kama lile fuvu.

Nyuma yangu, sinia likagongwa.
Idwal. Mkono wake mzima, kidole kimoja,
moja, mbili, tatu, hadi nane,
akihesabu mizani ya lugha asiyoijua.
Taya lake likafunguka, likafumba,
kwa uzi uleule labda.

"Ni," akasema.

Nikangoja. Ni nini? Ni nani? Ni wapi?
Hakuendelea. Ndicho kina nilichokuwa nimekipoteza.

Nilikuwa nimeshindwa, kwa hiyo nikafungua.
Baridi ikatangulia, fuvu likafuata likiinama kizingitini,
likamwendea Idwal, likamlazia kidevu mapajani.
Akatia vidole katikati ya meno yale ya manjano
kama mtu anayesalimiana na jirani.
Chini ya shuka akatoka Delyth wa duka la dawa,
anatokwa na jasho, anauliza choo kiko wapi.

Walikula keki yote. Wakaacha tope hadi ghorofani.

Nerys alinieleza asubuhi:
kwa Kiwelisi, *ni* ni sisi.

Nimeandika daftarini: amekunywa bia, nusu kikombe.
Amesema neno moja.
Pale penye "lugha" sikujaza.